Diski Kuu ya Kompyuta: Kuielewa, Kuitunza na Kujiandaa kwa Siku Itakapokufa

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika Kata ya Kisiba, kama katika kata nyingine za Wilaya ya Rungwe, sehemu kubwa ya daftari hilo sasa imehamia ndani ya kompyuta. Mihtasari ya mikutano ya kijiji, orodha za wakulima na kilo walizouza, alama za wanafunzi, hisa za vikundi vya kuweka na kukopa, barua za maombi ya kazi, picha za harusi na za wazee waliotangulia mbele ya haki, vyote hivyo huandikwa kwenye kifaa kimoja kinachoenea kiganjani. Kifaa hicho ni diski kuu, ambayo mafundi na wauzaji huiita hadi diski.

Daftari la karatasi likianza kuchakaa, mwenye nalo huona. Jalada hulegea, kurasa hugeuka rangi, wino hufifia, naye hupata muda wa kununua jipya na kunakili. Diski mara nyingi haitoi nafasi hiyo. Jioni kompyuta huzimwa ikiwa nzima, asubuhi huwashwa na kioo kubaki cheusi, na kazi ya miaka mitatu ikawa haipo tena.

Somo hili lina jambo moja la msingi ambalo kila mwenye kompyuta hana budi kulikubali kwanza: kila diski itakufa. Matunzo mema huichelewesha siku hiyo. Lakini kinachookoa kumbukumbu siku hiyo ikifika ni nakala ya pili, iliyotengenezwa mapema na kuwekwa mahali pengine. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwa nini iko hivyo, na nini kinaweza kufanywa na mtu wa kawaida bila gharama kubwa.

Diski kuu hufanyaje kazi

Kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo hushika kazi inayoendelea na kusahau kila kitu umeme unapokatika. Ya pili ni diski kuu, ambayo hutunza kazi hata kompyuta ikizimwa. Ndiyo maana barua iliyoandikwa kwa saa nzima bila kuhifadhiwa hupotea umeme ukikatika ghafla, ilhali ile iliyohifadhiwa jana hubaki.

Diski kuu zinazopatikana katika kompyuta za leo ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni diski ya sahani, inayojulikana kwa herufi HDD. Ndani ya kasha lake la chuma mna sahani moja au zaidi za alumini au kioo, zilizopakwa utando mwembamba sana wenye usumaku. Mota huzizungusha sahani hizo mara 5,400 kwa dakika katika kompyuta mpakato nyingi, na mara 7,200 kwa dakika katika kompyuta nyingi za mezani. Kwa mwendo huo, ukingo wa sahani ya kompyuta mpakato hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na ule wa kompyuta ya mezani zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Juu ya sahani, mkono mdogo hubeba kichwa cha kusomea na kuandikia. Kichwa hicho hakiigusi sahani. Huelea juu yake kwa kubebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kwa hiyo, chembe ya vumbi au ya moshi isiyoonekana kwa macho ni sawa na jabali mbele ya kichwa hicho.

Aina ya pili ni diski ya chipu, inayojulikana kwa herufi SSD. Hii haina sahani, mota wala mkono. Hutunza kumbukumbu kwa kunasa chaji ndogo za umeme ndani ya chipu, kwa ufundi uleule unaotumika katika flashi na katika simu. Ufundi huo ulibuniwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Diski ya chipu ina kasi zaidi, haipigi kelele na huvumilia mtikisiko. Hata hivyo, nayo ina kikomo. Kila sehemu ya chipu inaweza kuandikwa na kufutwa idadi fulani ya mara, kisha huchoka. Tena, ikikaa muda mrefu bila kupata umeme, chaji zake huweza kuvuja polepole na kumbukumbu zikaharibika.

Ufundi huu umekwenda mbali. Diski ya kwanza kuuzwa, iliyotengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha sentimita 61 kila moja, ikawa na uzito wa takriban tani moja, na iliweza kutunza herufi milioni 5 tu. Flashi ndogo ya gigabaiti 8 hutunza zaidi ya mara elfu moja ya hizo. Lakini kadiri kumbukumbu nyingi zinavyokusanyika katika kifaa kidogo, ndivyo hasara inavyokuwa kubwa kifaa hicho kikiharibika.

Adui wa diski katika mazingira ya Rungwe

Adui wa kwanza ni mtikisiko. Diski ya sahani inapozunguka, pigo dogo laweza kukifanya kichwa kigonge sahani na kuuchubua utando wenye kumbukumbu. Diski ikiwa imezimwa, kichwa huwa kimepumzishwa mahali salama, na uvumilivu wake huwa mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, kompyuta mpakato yenye diski ya sahani isihamishwe kutoka meza hadi meza ikiwa inafanya kazi, na kamwe isibebwe kwenye bodaboda au daladala ikiwa imewaka ndani ya mkoba. Kufunga kifuniko tu hakutoshi kila mara. Kompyuta izimwe kabisa, na dakika moja ipite kabla ya safari. Diski ya nje inayounganishwa kwa kebo ilazwe mezani, isisimamishwe pembeni mwa meza ambako mtoto au kebo inaweza kuivuta ikaanguka.

Adui wa pili ni unyevu. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Mvua hiyo ndiyo neema ya migomba na chai, lakini kwa vifaa vya umeme ni mtihani. Diski nyingi za sahani hazikufungwa kabisa, bali zina tundu dogo lenye chujio ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Unyevu hupita humo. Vilevile unyevu hula miguu ya chipu na sehemu za kuunganishia kebo, kisha kutu hutokea. Diski ya nje na flashi zenye nakala zihifadhiwe katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu na ya vifaa vya umeme. Kompyuta iliyotoka katika baridi ya asubuhi ya Juni au Julai na kuingizwa katika chumba chenye joto isiwashwe papo hapo. Iachwe ipate joto la chumba kwa nusu saa au zaidi, maana umande huweza kujitengeneza ndani yake.

Adui wa tatu ni moshi na vumbi. Kasha la diski lina chujio, lakini bodi yake, feni ya kompyuta na sehemu za kuunganishia hazina. Masizi na vumbi hushikamana na feni, feni huzunguka kwa shida, na joto hupanda. Kompyuta isiwekwe jikoni wala chumba kinachopakana na jiko la kuni bila ukuta kamili, na nakala rudufu zisihifadhiwe darini juu ya jiko. Mahali panapofaa kukaushia mahindi si mahali pa kutunzia kumbukumbu. Kompyuta mpakato isitumiwe juu ya blanketi au godoro, kwa kuwa matundu yake ya hewa huzibwa.

Adui wa nne ni umeme usiotulia. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili lililo wazi huweza kuharibika, na pengine hata orodha ya diski inayoonyesha kila faili liko wapi ikavurugika. Umeme unaporudi kwa nguvu kubwa kuliko kawaida, bodi ya diski huweza kuungua. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ina kinga yake yenyewe dhidi ya kukatika. Kompyuta ya mezani huhitaji kifaa cha akiba ya umeme, yaani UPS, kinachompa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Stabilaiza nayo hupunguza kupanda na kushuka kwa umeme. Lakini radi haizuiliwi na kifaa chochote kati ya hivyo. Ngurumo zikianza, dawa ya uhakika ni kuzima, kisha kuchomoa plagi ukutani pamoja na kebo ya intaneti ikiwapo. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Adui wa tano ni mkono wa mtumiaji mwenyewe. Flashi au diski ya nje ikichomolewa ghafla wakati kompyuta bado inaandika, faili hukatika katikati. Kwanza lichaguliwe agizo la kutoa kifaa kwa usalama, ndipo kichomolewe. Aidha, flashi inayozunguka kutoka steshenari moja hadi nyingine huokota virusi. Kuna programu hasidi zinazofunga mafaili yote kwa nywila na kudai fedha, nazo hushambulia pia diski yoyote ya nje iliyounganishwa wakati huo. Kwa hiyo diski ya nakala iunganishwe wakati wa kunakili tu, kisha iondolewe.

Dalili za diski inayougua

Diski ya sahani inayokaribia kufa mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Mlio wa kugonga unaojirudia, tak, tak, tak, ni ishara kuwa kichwa kinatafuta njia yake na kukosa. Mkwaruzo ni ishara mbaya zaidi, kwani huenda kichwa kimegusa sahani. Dalili nyingine ni kompyuta kuchukua muda mrefu mno kufungua faili dogo, faili lililofunguka jana kukataa leo, majina ya mafaili kugeuka alama zisizosomeka, na kompyuta kujikagua yenyewe kila inapowashwa.

Diski ya chipu haina mlio. Dalili zake ni kompyuta kuganda mara kwa mara, faili kukubali kusomwa lakini likakataa kuhifadhiwa, au diski kutoweka na kurudi kompyuta inapowashwa upya. Mara nyingi haitoi dalili kabisa.

Diski nyingi za kisasa hujipima zenyewe na kuweka rekodi ya afya yake, kwa mfumo uitwao SMART. Fundi anaweza kuisoma rekodi hiyo kwa programu za bure kwa muda wa dakika chache. Ni jambo la busara kuomba kipimo hicho kabla ya kununua kompyuta iliyotumika. Hata hivyo, kipimo hicho kisitegemewe peke yake. Mwaka 2007 wahandisi wa kampuni ya Google walichapisha utafiti uliofuatilia diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa. Hilo linafundisha kutopuuza dalili ya kwanza. Lakini waligundua pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu walizozichunguza. Hilo linafundisha kutosubiri dalili.

Diski inapougua: ya kufanya na ya kuepuka

Kosa kubwa hutokea katika saa ya kwanza, mwenye kompyuta anapohangaika kuiwasha na kuizima akitumaini itapona. Kila mzunguko wa sahani iliyochubuka huongeza mchubuko.

Ikiwa diski bado inasoma, jambo la kwanza ni kunakili mafaili muhimu kwenye kifaa kingine, yakianza yale ambayo hayapo mahali pengine popote. Sinema na nyimbo zingoje. Usafishaji wa virusi, ukarabati wa orodha ya mafaili na usakinishaji upya wa programu vifanyike baada ya hapo, si kabla.

Ikiwa diski inagonga au inakwaruza, kompyuta izimwe mara moja na isiwashwe tena hadi ifike kwa mtaalamu wa kurejesha kumbukumbu. Kasha la diski lisifunguliwe nyumbani wala kwenye kibanda cha ufundi. Wataalamu hulifungua katika chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa, kwa sababu ya umbali ule wa nanomita chache ulioelezwa hapo juu. Kazi hiyo ni ya gharama, na matokeo yake hayana uhakika.

Ikiwa faili limefutwa kwa bahati mbaya, diski isiandikwe kitu kingine. Katika diski ya sahani, kufuta huondoa jina la faili katika orodha tu, na maneno yenyewe hubaki hadi nafasi yake iandikwe upya. Programu ya kurejesha inaweza kuyaokoa, lakini isisakinishwe kwenye diski hiyohiyo. Katika diski nyingi za chipu, nafasi ya faili lililofutwa husafishwa na diski yenyewe baada ya muda mfupi, na kurejesha huwa vigumu sana.

Ikiwa kompyuta imemwagikiwa maji au chai, izimwe, ichomolewe katika umeme, betri itolewe kama inatoka, kisha ipelekwe kwa fundi afungue, asafishe na kukausha. Imezoeleka kufukia simu na flashi zilizolowa ndani ya mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya kifaa kwa kasi inayofaa, na vumbi na wanga wake huingia katika matundu. Mchele wa Kyela ubaki chunguni.

Nakala rudufu: dawa pekee ya uhakika

Mfano ufuatao unaonyesha tofauti inayoletwa na nakala. Kikundi cha kuweka na kukopa kina wanachama 25, nao hununua hisa kila wiki. Katibu huandika kila kitu katika jedwali moja ndani ya kompyuta yake mpakato. Baada ya mikutano 50, jedwali lina maingizo 1,250 ya hisa, mbali na mikopo na faini. Wiki mbili kabla ya mgao wa mwaka, diski inakufa.

Ikiwa hakuna nakala, viongozi hulazimika kukusanya vitabu vya wanachama wote na kujumlisha upya ukurasa kwa ukurasa. Kitabu kilichopotea au kulowa hakina wa kukitetea. Hapo ndipo neno la mwanachama hupingana na neno la katibu, na kikundi kilichojengwa kwa miaka huvunjika, ingawa hakuna aliyeiba hata shilingi. Ikiwa katibu alikuwa akinakili jedwali kwenye flashi mwisho wa kila mkutano, kinachoweza kupotea ni kazi ya mkutano mmoja, yaani maingizo 25, ambayo bado wanachama wanayakumbuka.

Kutokana na mfano huo hupatikana jibu la swali linaloulizwa mara nyingi: nakala ifanywe kila baada ya muda gani? Mwenye kazi ajiulize, ni kazi ya siku ngapi yuko tayari kuirudia upya kwa mkono? Kama ni ya siku moja, anakili kila siku. Kama ni ya wiki moja, anakili kila wiki.

Kanuni inayofuatwa na wengi duniani ni ile ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Maana yake ni nakala 3 za kila kumbukumbu muhimu, ikihesabiwa pamoja na ya asili. Katika vifaa vya namna 2 tofauti. Na nakala 1 kati ya hizo ikae mbali na jengo ziliko nyingine. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Diski ya nje iliyowekwa ndani ya mkoba wa kompyuta si nakala ya usalama, kwani mwizi wa mkoba huondoka na vyote viwili, na moto wa nyumba hauchagui.

Kwa kikundi au familia ya Kisiba, kanuni hiyo inatekelezeka hivi. Flashi mbili zinunuliwe na kuandikwa A na B. Mwisho wa mkutano, katibu anakili mafaili kwenye flashi A na kumkabidhi mweka hazina aende nayo nyumbani kwake. Mkutano unaofuata anakili kwenye B, nayo A irudi. Kila nakala ipewe jina lenye tarehe, ukitangulia mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mpya isichanganywe na ya zamani. Mwisho wa mwezi jedwali lichapishwe, lisainiwe na viongozi na kufungwa katika jalada. Kwa njia hiyo vifaa huwa vya namna mbili: chipu na karatasi.

Karatasi haijapitwa na wakati. Nyaraka za utawala wa Kijerumani, wa enzi ambayo Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, bado zinasomeka katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam baada ya zaidi ya miaka 100, na mwaka 1997 ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Hakuna diski inayotarajiwa kuishi umri huo. Hati ya ardhi, cheti cha kuzaliwa na mkataba uliosainiwa vitunzwe katika asili yake hata baada ya kupigwa picha.

Mwenye intaneti ya kutosha anaweza kuweka nakala nyingine katika hifadhi ya mtandaoni, mradi nywila yake iwe imara na isigawiwe. Watumishi wa ofisi za umma, kwa upande wao, wafuate miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa kuwa kumbukumbu za ofisi si mali ya mtumishi na hazipaswi kuwekwa katika akaunti yake binafsi.

Mambo mawili zaidi ni ya kuzingatia. La kwanza, nakala ijaribiwe. Mara moja kwa mwezi, mafaili machache ya nakala yafunguliwe katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. La pili, flashi isifanywe ghala la miaka kumi. Iunganishwe mara kwa mara, na kumbukumbu zake zihamishiwe kwenye kifaa kipya kila baada ya miaka michache.

Kununua, kuuza na kutupa diski

Mnunuzi wa diski ya gigabaiti 500 asishtuke kompyuta yake ikionyesha 465 hivi. Si udanganyifu. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali programu ya Windows huigawa kwa 1,073,741,824. Udanganyifu wa kweli ni flashi inayoandikwa gigabaiti nyingi kuliko zilizomo. Flashi ya namna hiyo hukubali kupokea mafaili, kisha huyaandika ya pili juu ya ya kwanza. Kabla ya kuikabidhi kazi, flashi mpya ijazwe mafaili yasiyo na umuhimu, kisha yafunguliwe yote kuthibitisha kuwa yamo.

Anayeuza au kugawa kompyuta ya zamani akumbuke kwamba kufuta mafaili, na mara nyingi hata kuiandaa diski upya kwa haraka, huacha nyuma mengi yanayoweza kurejeshwa. Diski ya sahani iandikwe upya yote kwa programu maalumu. Diski ya chipu isafishwe kwa agizo la mtengenezaji wake. Iliyokufa itobolewe na mtu mwenye uzoefu na miwani ya kinga, kwa sababu sahani za kioo hupasuka vipande vikali.

Jambo hili si la hiari kwa anayetunza taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu kuzilinda zisipotee wala kufikiwa na asiyehusika. Orodha ya wagonjwa, ya wanafunzi au ya wakopaji iliyoachwa ndani ya kompyuta iliyouzwa ni taarifa iliyotupwa barabarani. Kwa ofisi za umma kuna pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002, na kumbukumbu zake haziharibiwi kwa uamuzi wa mtumishi mmoja. Diski ya ofisi ya kijiji, shule au zahanati ikiharibika, taarifa itolewe kwa Mtendaji na kwa wataalamu wa TEHAMA wa Halmashauri kabla ya kufanya lolote.

Mabaki ya diski yasichomwe moto wala kutupwa mitoni. Yana metali na kemikali zisizofaa kuingia katika maji ambayo watu, ng'ombe na mashamba huyategemea.

Hitimisho

Diski ni chombo, na kila chombo kina siku yake ya mwisho. Anayelikubali hilo hatasubiri mlio wa tak, tak ndipo atafute flashi. Kazi ya kunakili mafaili ya wiki nzima huchukua dakika chache, wakati kuyaandika upya huchukua miezi, na mengine, kama sauti ya bibi iliyorekodiwa akisimulia asili ya ukoo, hayaandikiki tena. Mwenye kompyuta ambaye hana nakala ya pili aanze leo, na aanze na faili lile ambalo likipotea hakuna mwingine duniani aliye nalo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini diski ya sahani haipaswi kusafirishwa ikiwa imewaka?
2. Taja adui watano wa diski katika mazingira ya Rungwe, na kinga moja dhidi ya kila mmoja.
3. Diski ikianza kugonga, ni jambo gani la kwanza kufanya, na ni lipi la kuepuka?
4. Kanuni ya 3-2-1 inamaanisha nini, na kikundi chenye flashi mbili kinaweza kuitekeleza vipi?
5. Kompyuta ya kikundi, ya shule au ya familia ikifa usiku wa leo, ni kumbukumbu zipi zitabaki, na ziko wapi?